Bwana Darwesh na Kitabu Kisichojibiwa

Khitma ya Bwana Darwesh ilisomwa Alkhamisi baada ya alasiri, na Sabri akapewa kipaza sauti. Sabri ana sauti nzuri na kumbukumbu mbaya. Alisema marehemu alikuwa mwalimu wa mtaa, kwamba kwa miaka ishirini aliandika ubao wa baraza kila siku ya Mungu, kwamba vijana wa mtaa wetu wa Malindi waliijua dunia kabla ya kuwa na simu. Yote kweli. Kisha akaruka. Aliiruka miaka mitano ya mwisho kama mtu anayevuka mtaro, akatua kwenye dua, wanaume wakaitikia amina, na sisi wanawake kule ndani tukapitishiwa sinia za biriani.

Nilishindwa kula. Nilikuwa na hasira, na hasira zenyewe hazikuwa za Sabri peke yake. Jina langu Tamima. Nakaa ghorofa ya kwanza ya nyumba iliyo juu ya baraza hilo, dirisha langu liko juu ya ubao kabisa, na nimeshona kofia dirishani hapo kwa miaka thelathini. Aliyoyaruka Sabri niliyaona. Nitayasema yote, na nikifika kwenye sehemu yangu sitaruka.

Bwana Darwesh alikuwa karani wa bandari. Alistaafu akiwa na magoti mabovu, bakora ya mtobwe, na sanduku la bati lililojaa vitabu na vipande vya magazeti. Vitabu alivipata kwa mabaharia, kwa wageni walioviacha hotelini, kwa watu waliofiwa na wazee wao wakataka kuondoa vumbi ndani ya nyumba. Kila kimoja alikigonga muhuri aliouchonga mwenyewe kwa soli ya kandambili: BARAZA LETU, MALINDI. Asubuhi, baada ya chai, aliufuta ubao kwa kitambaa cha maji, akaandika juu SOMA, na chini yake kitabu au makala ya siku hiyo. Halafu mistari mitatu ya maoni yake kuhusu mambo ya ulimwengu. Si miwili, si minne.

Maoni yenyewe yalikuwa makali. Nakumbuka siku moja aliandika: "Wanauana Sudan kwa risasi zilizotengenezwa kwengine. Msiulize nani anashinda. Ulizeni nani anauza." Siku nyengine: "Ukisikia nchi inasema inajilinda, tazama kwanza imesimama kwenye ardhi ya nani." Watu waliokuwa wakienda sokoni Darajani walisimama wakasoma, wengine wakapiga picha.

Na walisoma wakapigana. Kuna watu wanapenda kusema baraza ni mahali pa kahawa na mizaha. La kwetu lilikuwa na damu. Kificho, mwenye duka la vipuri vya magari Mlandege, alimvunja Amour meno mawili ya mbele kwa sababu ya vita vya Libya, nchi ambayo wote wawili wangeitafuta kwenye ramani mpaka magharibi ikaadhiniwa. Mwengine alimwagiwa kahawa ya moto kifuani kwa kumtetea rais wa nchi ya watu. Meno yaliokotwa, kifua kikapakwa asali, mazungumzo yakaendelea. Bwana Darwesh aligonga bakora yake chini akisema, "Hujasoma, hupigi! Soma kwanza!" Wakacheka, nami huko juu nikacheka.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo haikuwa na mzaha. Kila Ijumaa baada ya alasiri ilikuwa siku ya kujibia. Aliyeazima kitabu alisimama mbele ya wote, akaeleza kitabu kinasema nini na yeye mwenyewe anasema nini. Asiyejibia hakupewa chengine. Wanawake hatukai baraza lile, kwa hiyo mimi niliazima kwa kikapu. Nilikiteremsha kwa kamba, Bwana Darwesh akatia kitabu, nikapandisha. Ijumaa nilijibia kwa karatasi. Aliisoma kwa sauti na kusema, "Mchango umeshuka kutoka juu," na wanaume wakajifanya hawajui ni wa nani.

Lazima niseme na hili. Mume wangu, Mungu amrehemu akipenda, alikuwa akinipiga. Sikio langu la kushoto halisikii tangu mwaka wa pili wa ndoa. Alinipiga mchana dirisha likiwa wazi, na chini wanaume wanahesabu waliokufa Ghaza. Siku moja badala ya kujibia kitabu nilitia kikapuni karatasi yenye mstari mmoja: "Ya Ghaza mnayasikia. Ya juu ya vichwa vyenu hamyasikii?" Karatasi hiyo Bwana Darwesh hakuisoma kwa sauti. Alipanda ngazi zetu ishirini na mbili kwa magoti yale, akamkuta mume wangu mlangoni, akamtandika bakora tatu usoni mpaka akaporomoka ngazini na kuvunjika mkono. Sikupigwa tena hata siku moja mpaka nikawa mjane.

Nilifurahi. Bakora ile niliiombea dua. Nayataja haya kwa sababu mtu akiniuliza ni lini mkono wa Bwana Darwesh ulijifunza kupiga uso wa mtu, jibu ni siku hiyo, na aliyeuita ni mimi.

Sasa Ayoub. Ayoub Usi alikuwa mchukuzi bandarini, mtu wa Makunduchi, huko shamba kusini, umri wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana na sauti ndogo. Alikuwa akikaa mwisho wa baraza, pale karibu na mtaro, akisikiliza. Aliazima makala moja juu ya watu wanaozama baharini wakikimbilia Ulaya, na Ijumaa yake akasimama kuijibia. Aliongea kwa lafudhi ya kwao, na maneno mawili matatu ya kwao ambayo mjini hatuyatumii. Kificho akaanza kumuiga. Baraza zima likaangua kicheko. Nilimtazama Bwana Darwesh nikitaraji atagonga bakora. Hakugonga. Alikuwa anatabasamu ndani ya masharubu yake. Ayoub alimaliza sentensi aliyokuwa ameianza, akakaa, na hakuazima tena.

Jumatatu yake nilimuona anapita uchochoro wa nyuma, chini ya dirisha la jiko langu.

"We baba!" nilimwita.

"Naam. Shikamoo, Bi Tamima."

"Marahaba. Unataka kusoma au hutaki?"

"Kusoma nnataka. Kusimama ndo staki."

Tukaanza hivyo. Niliazima kwa jina langu kwa dirisha la mbele, nikasoma, nikateremsha kwa dirisha la nyuma, yeye akasoma, nami nikajibia kwa karatasi. Vitabu vinane kwa mwaka mmoja na nusu. Kila alipokuja kurejesha aliniachia chini ya ngazi dumu la maji au mfuko wa unga aliobeba bila kuombwa, akaniambia neno moja juu ya kitabu. "Kile cha mashamba ya chai, bibi, wamenikasirisha." Basi, akaenda zake. Kati yetu hakukuwa na jengine. Lakini mjane wa miaka hamsini na mbili na mwanamume asiye na mke wanapeana vitu kwa kikapu uchochoroni? Mtaa wetu ungelipika na kulipakua jambo hilo siku hiyo hiyo.

"Asijue mtu," nilimwambia.

"Hajui mtu, wallahi. Hata wakinchinja."

Ndivyo alivyosema, na tulicheka.

Kitabu cha tisa hakikuwa na jina. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa za mwanzo hazipo, sisi tulikiita Kile Kisicho na Jalada. Kilikuwa kinaeleza jinsi majirani wanavyogeuka wakauana. Watu walioazimana chumvi asubuhi, alasiri wanachomeana nyumba. Nilikisoma kwa siku tatu, nikamteremshia Ayoub kabla sijaandika karatasi yangu.

Mwezi huo wizi ulizidi. Mitungi ya gesi ilichukuliwa majikoni, simu zilichukuliwa madirishani, Amour aliibiwa viatu msikitini akarudi nyumbani pekupeku. Watu wakaanza kutembea na fimbo. Mwizi mmoja alipigwa Jang'ombe mpaka akazimia, na habari yake ilisimuliwa barazani kama mpira, nani alipiga wapi na kwa mguu gani. Asubuhi iliyofuata Bwana Darwesh aliandika: "Mwizi ana haki ya kupelekwa polisi. Hata yeye. Hasa yeye." Nilijivunia kuwa jirani yake.

Jumatano, wakati wa sala ya adhuhuri, mtu aliingia ukumbini kwa Bwana Darwesh akachukua sanduku la bati. Lilikuwa na kufuli kubwa, nadhani alidhani mna dhahabu. Vitabu tulivikuta vimemwagwa ndani ya mtaro wa maji machafu, nyuma ya maghala. Bwana Darwesh alishuka mtaroni kwa magoti yake mabovu, akawa anaviokota kimoja kimoja na kuvifuta kwa kanzu yake. Karatasi zilikuwa zinaachana mikononi mwake, na vitabu vyengine havikuonekana. Alilia mbele ya watu, mzee yule, na hakuna aliyejua pa kutazama.

Ijumaa asubuhi ubaoni hapakuwa na neno SOMA. Paliandikwa mistari mitatu kama kawaida:

"Mwizi ni wetu, alijua sanduku liko wapi na tunaswali saa ngapi.

Mwenye kitabu chenye muhuri wetu asichokijibia ndiye.

Msimwache."

Niliinama dirishani nikaisoma kutoka juu. Nilijua papo hapo kitabu kiko kwa nani. Ningeteremsha kikapu na karatasi ya maneno manne: kitabu kimoja kiko kwangu. Lakini wangesema nikilete, nami sinacho, na ningeulizwa kiko wapi. Nikajiambia Ayoub yuko bandarini, atapita nyuma kama kawaida yake, nitamwonya pale. Nikaendelea kudarizi. Nilikuwa nimefika kwenye kilele cha kofia, na ninakumbuka nilivyokuwa nahesabu vitobo.

Alasiri ilipokwisha kuswaliwa, Ayoub alikuja kwa mbele.

Alikuwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na kitabu kimeshikwa mkononi waziwazi, kifuani, kama mtoto anayekwenda chuoni kusoma Kurani. Sikuelewa. Sikuwahi kumuona na kitabu upande ule. Alitoa salamu. Kificho aliinuka, akamnyang'anya kitabu, akakifungua, akaona muhuri.

"Hichi umekipata wapi?"

"Nnakuja kukijibia," alisema Ayoub.

"Nnakuuliza umekipata wapi!"

"Nliazimwa."

"Na nani?"

Ayoub akainua macho. Alitazama juu mara moja tu, kidogo, akanikuta dirishani na sindano yangu mkononi. Halafu akayashusha macho yake chini.

"Ssemi," alisema.

Nikafunga dirisha.

Hiyo ndiyo sehemu yangu. Sikukimbia, sikuzimia, wala sikufungwa mdomo na mtu. Niliivuta milango ya mbao ya dirisha kwa mikono yangu miwili, nikatia komeo, nikasimama nyuma yake.

Bakora ya Bwana Darwesh ilitangulia. Niliijua kwa sauti yake, nilishaisikia mlangoni kwangu. Ilimpata Ayoub usoni. Sabri, huyo huyo wa kipaza sauti, alimshika mikono kwa nyuma. Niliona kwa upenyo wa mbao. Kificho alikuwa na kipande cha chuma cha gari. Amour alimpiga mateke, tena mateke ya mtu aliyekuwa na kisasi cha viatu vyake. Wakaja na wengine wasiojua hata habari yenyewe, waliosikia tu neno mwizi wakaacha mikoba ya soko chini wapate nafasi ya mkono. Ayoub hakupiga hata ngumi moja, na angetaka angewainua wawili wawili akawatia mtaroni. Alikuwa akisema jambo moja tu, tena kwa lafudhi ile ile, "Sikuiba, jamani, sikuiba," na kuna aliyemuiga. Hata pale kuna aliyemuiga.

Nilisimama nyuma ya dirisha kwa muda wa kuswali rakaa nne. Nilikuwa nahesabu watu watasemaje. Nilijiona nikipita mtaani na wanawake wananyamaza. Nilijiambia wataacha sasa hivi, wamechoka. Kisha sauti ikabadilika. Vishindo vilikuwa haviingii tena kwenye mwili wa mtu anayejikinga, vilikuwa vinaingia kwenye kitu kilicholowa. Hapo ndipo nikashuka, bila ya buibui, na kanga ya ndani, ngazi ishirini na mbili.

"Nimempa mimi!" nilipiga kelele. "Kitabu nimempa mimi! Muacheni, nimempa mimi!"

Waliacha. Wakanitazama mimi kwanza, mavazi yangu, kabla ya kumtazama yeye. Bwana Darwesh alikuwa ameshika nusu ya bakora, nusu nyengine iko chini. Kanzu nyeupe ya Ayoub haikuwa na sehemu nyeupe. Jicho lake moja halikuwa mahali pake. Nilikaa chini kwenye maji ya mtaro nikauweka uso wake mapajani, na alikuwa bado anapumua, kwa mkoromo, na kila pumzi inatoka na damu.

Alikufa Jumapili hospitalini. Hakusema neno tena.

Polisi walipokuja, baraza zima lilikuwa halijui kitu. Kundi la watu, walisema, wageni, hatuwajui. Kificho alikuwa dukani kwake Mlandege tangu asubuhi, na mashahidi alikuwa nao. Sabri alikuwa anaumwa. Bwana Darwesh alikwenda kituoni kwa miguu yake. Alivichukua vipande viwili vya bakora, akaviweka juu ya meza ya polisi, akasema, "Mimi ndiye nliyeanza. Na nliyewaita wengine kwa maandishi ni mimi." Alipoulizwa majina ya wengine alisema hakwenda kusema ya wengine.

Mahakamani niliitwa kutoa ushahidi. Nilieleza kuwa kitabu nilimwazima mimi, na kwamba nilishuka nikakuta anapigwa. Wakaniuliza nilikuwa wapi kabla ya hapo.

"Jikoni," nilisema. "Skuwa nnasikia."

Niligusa hata sikio langu la kushoto, ili waelewe. Na nilikuwa nimeapa kwa msahafu.

Bwana Darwesh alifungwa miaka minne. Mwizi wa kweli alikamatwa miezi miwili baadaye na mitungi sita ya gesi. Aliulizwa habari za sanduku la bati. Alisema alivimwaga vitabu vyake kwa sababu halikuwa na kitu ndani.

Mtaa haukunisema, kwa taarifa yenu. Aibu niliyoiogopa haikuja. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lake la kuficha, hakuna aliyetaka kulitaja jina la Ayoub hata kwa kunisengenya mimi.

Kitabu nilikiokota jioni ile ile mtaroni, nikakikausha, nikakificha chini ya kofia zangu. Nilikiogopa. Nilikifungua baada ya arobaini ya Ayoub kupita, na katikati yake nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli, herufi kubwa kubwa. Ilianza: "Assalamu alaykum, wazee wangu. Leo nimekuja kusimama." Nikaelewa kwa nini alikuja kwa mbele. Hakuwa akirejesha kitabu. Alikuwa amejitayarisha wiki nzima, akapiga kanzu pasi, akaja kukijibia mbele ya watu waliomcheka. Ubao hakuwa ameuona. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka jirani wa juu akagonga mlango.

Bwana Darwesh alirudi mwaka huu, amekonda, na kifua kinakohoa. Alikaa barazani peke yake. Wenzake walikuwa wamehamia baraza jengine, huko wanasoma kwenye simu. Ubao ulikuwa bado ukutani, mweusi, hauna kitu. Siku ya tatu niliteremsha kikapu, na ndani yake karatasi ya Ayoub. Aliisoma mara mbili. Aliikunja tena kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha kikapuni, na hakuinua uso.

"Tamima."

"Naam."

"Alitazama juu."

Kamba ilinitoka mkononi, kikapu kikaanguka barazani.

"Nliona," alisema. "Nlikuwa karibu naye kuliko wote. Nliona alitazama juu, nkaona dirisha linafungwa. Nkakumbuka kitabu kile nlikutilia kikapuni mwenyewe, nkajua hapohapo kama jibu liko kwako. Nlijua, Tamima, kabla sijainua mkono. Lakini hasira zshapanda, na mtaro ule bado nnausikia harufu yake kwenye vidole. Jibu nlikuwa silitaki tena."

"Na mahakamani hukunitaja," nilisema.

"Nlikwenda kusema yangu."

Akakohoa muda mrefu. Wanaume wawili walinificha, mmoja akafa kwa hilo na mwengine akafungwa, na mimi nilikuwa nimekaa dirishani nashona kofia za watu wa harusi.

Hakuandika tena ubao. Aliishi miezi minne, akafa kitandani kwake, na Sabri akapewa kipaza sauti.

Kesho ya khitma ilikuwa Ijumaa. Sabri alitaka baraza lirudi, kwa heshima ya marehemu, akaupaka ubao rangi mpya na kuandika SOMA kwa mwandiko mzuri. Baada ya alasiri wakajaa: Sabri, Kificho, Amour na meno yake ya bandia, na wengine kumi na kitu, wengi wao walikuwepo siku ile. Kahawa ikamiminwa. Nilivaa buibui langu, nikachukua kitabu na karatasi, nikashuka. Walisogea wakidhani napita.

"Sipiti," nilisema. "Nimekuja kujibia kitabu. Nilikiazima kwa jina langu miaka mitano nyuma, sijakijibia."

"Bi Tamima," alianza Sabri, "wanawake kwa kawaida wanaleta kara…"

"Kaa kitako, Sabri."

Akakaa. Nikafungua karatasi nikaisoma kama ilivyo:

"Assalamu alaykum, wazee wangu. Leo nimekuja kusimama. Mimi ni Ayoub Usi, mchukuzi. Kitabu hichi nimekisoma mara mbili. Nilikipata kwa mtu mwema, simtaji. Aliyekiandika anasema watu wengi wakifanya ubaya pamoja, hakuna anayejua sehemu yake ni ipi, ndo maana wakirudi nyumbani wanalala. Hapo mimi nakataa. Sisi bandarini tukibeba mashine tunakuwa watu wanane. Anayetazama kwa mbali hajui nani anabeba na nani kashika tu. Lakini sisi wanane tunajua. Kila mmoja anajua begani kwake pana uzito gani. Tunajua na nani aliyekaa pembeni akatazama. Hayo ndo yangu. Naomba msinicheke, nimemaliza."

Nikaikunja karatasi.

"Hayo ya Ayoub," nilisema. "Yangu ni haya. Alinitazama kabla hamjaanza, na mimi nikafunga dirisha. Nilisikia yote. Niliapa mahakamani kuwa sikusikia. Nilikuwa na sikio moja zima na lilisikia kila kitu."

Kificho aliweka kikombe chini, akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuaga. Amour alikuwa anajitazama miguu. Sabri alishika kitambaa cha kufutia ubao na hakujua akifanyie nini. Nilingoja kidogo, kama desturi ilivyo, aliye na swali aulize. Hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyecheka.